Waliobaki Nje ya Safina

Rafuni kwangu, katika chumba cha chini cha kanisa,
palikuwa na safina ya mbao:
tembo wawili, twiga wawili,
njiwa mmoja aliyevunjika bawa.
Ukutani, juu kidogo ya swichi, mstari wa tope
ulionyesha maji yalikofika mwezi wa saba.
Tulipaka rangi mara mbili. Ukarudi.
Chumba kilinuka jiki na vitabu vya tenzi vilivyovimba.

Verlie Sizemore, miaka minane,
aliingia amevaa viatu vya mvua, na nje jua linachoma.
Baba yake alisimama mlangoni, kofia mkononi.
"Analala navyo. Tukimvua, anaamka."
Harlan amechimba makaa Kentaki hii miaka kumi na tisa,
amefukiwa mara moja akatoka akicheka;
siku ile hakunitazama usoni.
"Tunamwombea kila usiku," akasema.
"Sijui kama kuna mahali tunakosea."
Nikamwambia hapana.
Nikamwambia kuomba na kuja hapa
ni mlango mmoja, bawaba mbili.

Wiki tatu Verlie hakutoa neno.
Alipanga wanyama mchangani, akawapangua.
Nilikaa naye sakafuni, magoti yakinilalamikia,
Zaburi zote nimezibana chini ya ulimi,
maana neno jema likisemwa mapema
huwa jiwe.

Wiki ya nne, mvua.
Ilianza ndo, ndo, ndo kwenye bati la mlango wa nyuma,
kisha chururu.
Akaruka juu ya meza kama paka.
Nami nikapanda (mama mzima, sketi ya Jumapili),
tukakaa huko juu, miguu inaning'inia.
Vuta, moja hadi nne.
Toa, polepole, hadi sita.
Tena.
Tena.

"Bibi alikuwa anapuliza hivi," akasema,
"supu ya maharage."
Nilizipokea sauti hizo
kama mtu anayepokea yai kwa mikono yenye sabuni.

Akashuka. Akaichukua safina.
"Hawa waliingia. Waliobaki nje ni nani?"
"Kitabu hakiwataji majina."
"Bibi Orlena alikuwa mbaya?"

Nimesoma chuoni miaka sita.
Nimebatizwa katika kijito kile kile kilichomchukua.
"Hapana," nikasema. "Hakuwa mbaya. Hata kidogo.
Mengine siyajui."
"Hata wewe?"
"Hata mimi. Huwa namuuliza Mungu kwa sauti, ndani ya gari,
vioo vimefungwa."
Akalipima jibu hilo, uso umekunjamana.
"Anajibu?"
"Anakaa."

Akaomba kopo la vifungo.
Akawatoa twiga. "Hawa wana shingo ndefu, watapumua."
Sikubishana.
Kifungo cheupe: Orlena.
Cha kahawia: Biskuti, mbwa.
Cha bluu, chenye ufa: yule mzee Estill
aliyekuwa akitengeneza saa karibu na daraja.
Kimoja hakukipa jina. "Yupo tu," akasema.
Akafunga paa kwa upole,
akaweka kiganja juu yake, na mvua bado inanyesha.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Sawa. Lakini tope huzolewa,
koleo kwa koleo; bonde zima liliona
Wabaptisti na Wapentekoste, na wasiosali popote,
wakizoa majira yote ya joto.
Harlan alizoa sebule yake,
akazoa ya jirani,
halafu akaja kwangu akaketi kwenye kiti cha mtoto,
akashika kifungo cheupe,
na kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu Julai
kikapata njia.
Verlie akamtazama akilia.
"Puliza supu, Baba," akamwambia.

Saa nne usiku ule simu ikalia.
"Amelala," Harlan akanong'ona.
"Kiatu kimoja kaacha mlangoni."
Nikasema amina, nikakaa kimya kidogo na giza,
kisha nikawasha taa, nikaandika kwenye faili:
mguu wa kushoto.